Kuutayarisha Msumeno Mdogo wa Utepe kwa Useremala wa Nyumbani Mjini Goma

Msumeno wa utepe, yaani mashine inayokata kwa pete ya utepe wa chuma wenye meno inayozunguka juu ya magurudumu mawili, una tabia moja inayoutofautisha na mashine nyingi za useremala: karibu kila sehemu yake hupimwa kwa kuufuata utepe wenyewe. Meza, vishikizi vya pembeni vinavyouzuia utepe usiyumbe, beringi ya mgongo inayouegemeza kwa nyuma, na mwongozo wa kunyooshea mkato haviwezi kuwekwa sawasawa kabla utepe haujakazwa na kutulia juu ya magurudumu, na utepe ukilegezwa au kubadilishwa, vyote hivyo hukaguliwa upya. Watu wengi wanaosikitika kwamba mashine yao ndogo inakata kombo wamekwisha kuirekebisha kila sehemu, ila walianza na meza au mwongozo wakauacha utepe uwe wa mwisho. Maelezo haya yanafuata mpangilio unaofaa, na yameandikwa kwa ajili ya mkaazi wa Goma anayefanya useremala kwa mapenzi yake, jioni au siku ya mapumziko, akiwa na mashine ya kuweka mezani yenye magurudumu ya milimita 200 hadi 250, mpya au iliyokwisha kutumika.

Mifano nitaitoa katika kazi moja ninayompendekezea kila anayeanza hapa mjini, nayo ni chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) ndogo ya mtoto kuchezea. Ina magurudumu mawili ya mviringo, ubao wa kati uliopinda, na usukani wenye pembe mbili, kwa hiyo ndani yake kuna mikato iliyonyooka, mikato ya duara na mikunjo ya ndani, yaani karibu kila kitu ambacho msumeno wa utepe hukifanya vizuri kuliko misumeno mingine.

Umeme na mahali pa kuisimika mashine

Soma kwanza kibao kilichobandikwa kwenye mota. Umeme wa nyumbani nchini Kongo ni wa volti 220 na hertzi 50, lakini katika mashine zilizotumika unaweza kukuta iliyoundwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme ni wa volti 120 na hertzi 60. Transfoma hushusha volti bila kubadilisha hertzi, na matokeo yake ni kwamba mota hiyo itazunguka polepole kwa kiasi cha moja ya sita na itapata joto kuliko ilivyokusudiwa. Kama hujanunua bado, tafuta mashine iliyoandikwa volti 220 hadi 240 na hertzi 50, uepukane na tatizo hilo moja kwa moja.

Mota ya mashine ya kadiri hii huwa na wati 250 hadi 400 hivi. Si nyingi, lakini inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika mwendo. Ndiyo sababu jenereta ndogo inayowasha taa na televisheni bila shida yoyote huweza kulemewa pindi unapobonyeza swichi ya msumeno. Jenereta ya kVA 2 huimudu kazi hiyo vizuri. Anayetegemea paneli za jua na betri anahitaji inveta, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inayotoa wimbi laini kama la umeme wa mtandao, kwa maana inveta za bei nafuu zenye wimbi la ngazi-ngazi huifanya mota ivume na kuchemka. Waya wa kurefushia ukizidi mita 10 uwe na unene wa milimita za mraba 2.5, nao ukunjuliwe wote, kwa sababu waya uliozongwa kwenye gurudumu lake huhifadhi joto ndani.

Jambo ninaloliweka juu ya mengine yote katika sehemu hii ni aina ya swichi. Goma ina bahati ya kuwa na vyanzo kadhaa vya umeme: kuna SNEL, shirika la umeme la taifa, kuna kampuni ya Virunga Energies ambayo kituo chake cha umeme wa maji cha Matebe huko Rutshuru kilianza kazi mwaka 2015, na kuna kampuni ya Nuru yenye paneli za jua. Hata hivyo hakuna mtandao usiokatika hata kidogo, na mashine yenye swichi ya kawaida ya kupandisha na kushusha huwaka yenyewe umeme unaporudi, hata kama wakati huo umefungua mlango wake na vidole vyako viko karibu na utepe. Ijaribu mashine yako hivi: ikiwa tupu na milango yake imefungwa, iwashe, chomoa plagi, subiri magurudumu yasimame kabisa, kisha chomeka tena. Ikianza kuzunguka bila wewe kubonyeza chochote, mwombe fundi wa umeme aifunge swichi ya usumaku inayojiachia umeme unapokatika na kukaa hivyo mpaka ibonyezwe upya. Mpaka hapo itakapofungwa, shika mazoea ya kuchomoa plagi kila mara umeme unapopotea.

Kuhusu sakafu, nyumba nyingi za hapa zimejengwa juu ya mawe ya volkano, na baadhi ya karakana za uani hazina saruji ila changarawe nyeusi iliyosawazishwa, hasa katika mitaa ambayo lava ya Nyiragongo iliipitia mwezi wa Januari 2002. Si lazima mashine isimame katika usawa kamili wa pimamaji. Kinachodhuru ni kuyumba, maana mtetemo wa mota hupanda hadi kwenye utepe na kuacha mistari kwenye ubao. Tengeneza meza nzito ya miguu minne, isimamishe juu ya mawe bapa yaliyozikwa nusu ardhini, kisha ufunge mashine kwa bolti nne zinazopenya plaiwudi ya milimita 18. Chini ya kila mguu wa mashine weka kipande cha mpira wa tairi kuukuu, ule ule unaopigiliwa kwenye magurudumu ya chukudu halisi, nao utameza sehemu kubwa ya mtetemo. Urefu mzuri ni ule unaofanya meza ya msumeno ifikie kati ya kiuno na kiwiko chako, na mbele na nyuma yake paachwe nafasi ya kupitisha ubao mrefu kuliko wote unaotarajia kuukata.

Kuchagua utepe

Mashine ndogo haina budi kupewa utepe unaoifaa, na hapa ndipo fedha kidogo huleta tofauti kubwa. Utepe unaokuja na mashine mpya mara nyingi ni wa ubora wa chini, basi utumie kujifunzia jinsi ya kuuvalisha na kuukaza, kisha ununue mwingine.

Urefu huandikwa katika kitabu cha mashine. Kama kimepotea, weka skrubu ya kukazia katikati ya njia yake, pima umbali kutoka kitovu cha gurudumu la juu hadi kitovu cha gurudumu la chini, na upime kipenyo cha gurudumu pamoja na mpira wake. Zidisha kipenyo kwa 3.14, kisha ongeza ule umbali wa vitovu mara mbili. Gurudumu la milimita 230 na umbali wa milimita 400 hutoa 722 kujumlisha 800, yaani milimita 1,522. Tofauti ya milimita tano hadi kumi hurekebishwa na skrubu ya kukazia, kwa hiyo usikatae utepe wa 1,515 kwa kungojea wa 1,522.

Unene husahaulika mara nyingi, na ndio unaofanya tepe nyingi zikatike kabla ya wakati wake. Utepe unapozunguka gurudumu hukunjwa na kunyooshwa mara nyingi kila dakika, na gurudumu likiwa dogo mkunjo huwa mkali. Mashine yenye magurudumu ya milimita 200 hadi 250 hutaka utepe wa milimita 0.36 hivi; ule wa 0.64 uliotengenezwa kwa mashine kubwa utapasuka kwenye kiungo chake hata kama meno bado ni makali.

Upana huamua mkunjo unaoweza kuukata. Utepe wa milimita 3 hugeuka katika duara lenye nusu kipenyo cha milimita 5 hivi, wa milimita 6 hutaka 16, wa milimita 10 hutaka kama 38, na wa milimita 13 hutaka kama 64. Wauzaji watakuambia kwamba mashine yako inapokea hadi milimita 13, na ni kweli utaingia, lakini fremu ndogo haina nguvu ya kuukaza upana huo ipasavyo. Mimi huona kwamba milimita 6 ndio upana wa kila siku kwa mashine hizi, na milimita 10 ndio wa kupasulia mbao.

Meno huhesabiwa kwa inchi. Kanuni ya kushika ni kwamba wakati wote pawe na meno yasiyopungua matatu ndani ya mti. Meno 6 kwa inchi yanatosha kwa ubao wa milimita 25, meno 10 hadi 14 ni kwa plaiwudi nyembamba na kazi laini, na meno 3 au 4 ni kwa kupasua ubao mnene kufuata nyuzi. Mikaratusi inayouzwa hapa mara nyingi bado ina maji, na unga wake mbichi hujaa kwenye mabonde ya meno madogo ukazuia msumeno kusonga, kwa hiyo kwa mti mbichi ni afadhali meno machache na makubwa. Mvule mkavu na mbao nyingine ngumu za msituni hukatwa vizuri kwa meno 6, mradi usisukume kwa pupa.

Kuuvalisha utepe na kuukaza

Chomoa plagi. Fungua milango yote miwili, ondoa bolti au pini iliyo kwenye ufa wa meza pamoja na kile kifuniko kidogo cha tundu la katikati, kisha urudishe nyuma vishikizi na beringi zote, za juu na za chini, zisiuguse utepe kabisa. Hatua hiyo ya mwisho hairukwi. Vishikizi vikiachwa karibu vitausukuma utepe upande mmoja, nawe utadhani gurudumu ndilo lililopinda.

Kabla ya kuvalisha, tazama mipira ya magurudumu. Kwenye mashine iliyokaa sana bila kutumika mpira hukauka na kuwa na nyufa. Ukiubonyeza kwa ukucha nao usibonyee hata kidogo, unahitaji kubadilishwa. Unga wa mbao ulioshikana juu yake hukwanguliwa kwa kipande cha mti, si kwa kisu. Mpira mwingi wa aina hii una tumbo dogo katikati, na tumbo hilo ndilo linaloufanya utepe ubaki mahali pake, basi usiusugue kwa msasa mpaka ukawa bapa.

Utepe mpya huja umekunjwa pete tatu, nao una nguvu ya springi. Vaa glavu nene na miwani, ushike mbali na uso, ulegeze kifungo huku mkono mmoja umeshika pete zote, kisha uachie pete moja baada ya nyingine. Ufute mafuta kwa kitambaa kikavu ukielekea upande ambao meno yanaelekea, ili kitambaa kisinaswe. Pitisha kidole kwenye mgongo wake mahali ulipoungwa: ukihisi kinundu, kisugue taratibu kwa jiwe la kunolea, kwa sababu kinundu hicho kitagonga beringi ya mgongo kila mzunguko na utasikia tik-tik isiyokwisha.

Meno lazima yatazame chini kuelekea mezani na yakutazame wewe uliyesimama mbele. Ikiwa kila unavyougeuza yanatazama juu, basi utepe umepinduliwa ndani nje: ushike kwa mikono miwili na uusokote mpaka upande wa ndani uwe wa nje. Upitishe kwenye ufa wa meza, uutundike kwenye gurudumu la juu, kisha uuteleze kwenye lile la chini. Kaza skrubu ya juu mpaka ulegevu utoweke, usiendelee bado.

Sasa zungusha gurudumu la juu kwa mkono, polepole, ukitazama utepe unakaa wapi. Ukisogea kuelekea mbele au nyuma, geuza robo mzunguko ile skrubu ya nyuma ya mashine inayoliinamisha gurudumu la juu, kisha zungusha tena mara kadhaa kabla ya kugusa skrubu kwa mara ya pili, kwa kuwa utepe huchukua mizunguko kadhaa kuitikia. Unataka utepe utulie katikati ya mpira. Ukiisha kutulia, kaza hadi mkazo kamili, halafu hakiki tena, kwa sababu mkazo huweza kuubadilisha mwelekeo.

Mkazo kamili ni upi? Kipimo kilichochorwa kwenye springi ya mashine ndogo ni cha kuanzia tu. Pandisha vishikizi vya juu hadi mwisho, ubonyeze utepe ubavuni kwa kidole kimoja katikati ya sehemu iliyo wazi, kwa nguvu ya wastani: ukisogea milimita 5 au 6 hivi, umekaa vizuri. Ukisogea zaidi utapinda ndani ya ubao mnene na kuacha mkato wenye tumbo. Ukikataa kabisa kusogea, unaitesa fremu na beringi za magurudumu.

Vishikizi na beringi ya mgongo

Kazi hii inafanyika vizuri kwa ukanda wa karatasi ya daftari, ambayo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Anza juu. Sogeza kwanza chombo kizima cha vishikizi mbele au nyuma mpaka ukingo wao wa mbele uwe nyuma kidogo ya mabonde ya meno, yapata milimita moja. Meno ya msumeno yamepindishwa kidogo, moja kulia na jingine kushoto, ili kuupa utepe nafasi ya kupita. Yakigusana na kishikizi cha chuma, upindo huo hufutika katika mizunguko michache na utepe mpya huwa hauna thamani tena. Kisha zungushia karatasi pande zote mbili za utepe, sogeza kishikizi cha kulia na cha kushoto mpaka viiguse bila kuusukuma utepe upande wowote, kaza skrubu zake, na uivute karatasi. Inapaswa kutoka ikikwaruza kidogo bila kuchanika.

Beringi ya mgongo iache nafasi ya nusu milimita nyuma ya utepe. Mashine inapozunguka tupu, beringi hiyo isimame. Unaposukuma ubao, ndipo izunguke. Ikizunguka wakati wote itachimbwa mfereji na mgongo wa utepe na itaharibika mapema. Rudia yote hayo kwa vishikizi vya chini ya meza. Wengi huviacha hivyo kwa sababu ni vigumu kuvifikia, lakini ndivyo vinavyoushika utepe mahali unapotokea kwenye mti.

Halafu shusha na upandishe nguzo ya vishikizi vya juu ukitazama ile nafasi ya karatasi. Katika mashine za bei nafuu nguzo haisafiri sambamba kabisa na utepe, basi upimaji huu ufanye katika kimo unachokitumia zaidi, na ukibadilisha kimo sana, hakiki tena. Wakati wa kukata, vishikizi vya juu vikae milimita 5 hadi 10 juu ya ubao. Vikiwa juu kuliko hapo, utepe unakosa msaada na sehemu kubwa ya meno inabaki wazi mbele ya vidole vyako.

Meza na mwongozo

Simamisha ekere, yaani kipimio cha chuma cha pembemraba, juu ya meza na ukiegemeze ubavuni mwa utepe, kikikwepa meno. Legeza skrubu ya chini ya meza, uiinamishe mpaka mwanga usionekane kati yao, kaza, kisha urekebishe bolti ya kikomo ili meza irudi hapo hapo kila mara. Hakikisha kwa mti: chukua kipande chenye kimo cha milimita 60 hivi, ukikate kidogo tu kwa mbele, zima mashine na uchomoe plagi, kisha ukigeuze kikiwa bado kimelala mezani, ukipeleke nyuma ya utepe na kujaribu kuuingiza mgongo wa utepe katika ule mkato. Ukiingia bila kusukumwa, meza iko sawa. Ukigoma juu au chini, kosa unaloliona ni maradufu ya kosa la kweli, na ndiyo sababu jaribio hili ni kali kuliko macho.

Mwongozo wa kunyooshea mkato usiuweke kwa kufuata ukingo wa meza. Kila utepe una upande mdogo unaoupendelea, hasa kama meno ya upande mmoja ni butu kidogo. Chora mstari sambamba na ukingo wa ubao ulionyooka, ukate kwa mkono ukiufuata mpaka nusu ya ubao, simama hapo bila kuugeuza, zima mashine, na uchore penseli juu ya meza kwa kufuata ukingo wa ubao. Mstari huo wa penseli ndio mwelekeo wa mwongozo wako kwa utepe huo. Ikiwa utepe unapotoka sana kuelekea upande mmoja, mwongozo hautausaidia: ama utepe umekwisha, ama hautulii katikati ya gurudumu, ama vishikizi vimeusukuma.

Mikato ya kwanza

Piga brashi kila ubao kabla ya kuuleta mezani. Vumbi jeusi la volkano limejaa chembe ngumu, na ubao ulioburutwa chini hubeba chembe hizo ndani ya nyufa zake, nazo hufuta ukali wa meno kwa haraka sana. Mbao zilizotoka kwenye nyumba za zamani zipitishie sumaku kutafuta misumari.

Vaa miwani na barakoa. Glavu ulizovaa kushika utepe zivue sasa, pamoja na mikono mirefu ya shati na saa, kwa kuwa nguo ikinaswa na meno huvutwa chini pamoja na mkono. Washa mashine tupu kwanza, usimame pembeni, usikilize. Kwa magurudumu ya chukudu, chora duara lenye nusu kipenyo cha milimita 40 kwenye ubao wa milimita 25. Utepe wa milimita 6 unageuka hapo kwa raha. Kwanza kata mistari mifupi ya kuelekea kwenye duara, ikiishia kabla ya mstari, ili vipande vya nje vidondoke kimoja kimoja na utepe usinaswe. Kisha zunguka duara ukiubakiza mstari wa penseli, uusugue baadaye kwa msasa. Ubao wa kati ukiwa na kona ya ndani iliyobana kuliko milimita 16, toboa tundu kwa keekee hapo kwenye kona, na mkato uishie ndani ya tundu. Kamwe usiurudishe utepe nyuma katika mkato mrefu mashine ikiwa inazunguka, kwani unaweza kuuvuta utoke kwenye magurudumu.

Kipande cha mviringo, kama mti wa usukani ambao haujachongwa, kisikatwe kikiwa kimelala hivi hivi mezani. Meno yatakibingirisha kwa nguvu na kuvuta vidole. Tengeneza kitako cha ubao wenye mfereji wa umbo la V, ukilaze humo na ukifunge kwa skrubu au kibano. Vidole visikaribie utepe chini ya milimita 80. Mwisho wa mkato tumia kijiti cha kusukumia.

Ukimaliza kazi ya siku, legeza utepe. Ukiachwa umekazwa kwa wiki nzima, huacha bonde kwenye mipira na kuichosha springi, na mashine itaanza kutetemeka bila sababu inayoonekana. Andika kikaratasi cha «utepe umelegezwa» na ukitundike kwenye swichi. Kwa unyevu unaotoka Ziwa Kivu, meza ya chuma hushika kutu upesi: isugue kwa mshumaa mweupe, uipanguse kwa kitambaa kikavu, nayo mbao zitateleza vizuri zaidi. Uondoe unga ulioganda kwenye gurudumu la chini kila baada ya kazi, hasa ukiwa umekata mti mbichi. Utepe ukianza kutoa moshi, au ukikudai usukume kwa nguvu pale ambapo mwanzoni ulikwenda kwa kuongozwa tu, ubadilishe, kisha uanze tena kwenye hatua ya kurudisha nyuma vishikizi.